Ulikuwa staa ukiwa mtoto. Sasa je?

Kama ulikua ukitazama Machachari kwenye Citizen TV, jibu haraka bila kugugo: jina halisi la Govi ni nani? La Baha je? Na Almasi?

Najua umekwama. Wale watoto sasa ni watu wazima, lakini mmoja wao akishuka matatu hapa Nakuru leo, hakuna atakayemwita kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake. Tutapiga kelele "Baha!" na kutoa simu ili tupige naye picha. Sisi tunaona huo ni upendo, na kweli ni upendo. Shida ni kwamba tunampenda mtoto ambaye hayupo tena, na huyu mkubwa aliyesimama mbele yetu analazimika kutabasamu kwa niaba yake.

Siku hizi hata huhitaji kipindi cha runinga. Mtoto wa miaka sita anaigiza mhubiri mbele ya simu ya mjombake, na kufikia jioni nchi nzima inamjua. Wiki ya kwanza mwanasiasa anaahidi karo. Wiki ya pili kampuni fulani inampa begi la shule na kupiga picha. Wiki ya tatu kuna mtoto mwingine. Mwaka 2013 tulikuwa na Otonglo Time, masimulizi ya mwanafunzi wa Highway Secondary yaliyomchekesha hadi Rais Uhuru Kenyatta. Kicheko unakikumbuka. Unakumbuka kingine chochote kuhusu yule kijana?

Lakini huku kwetu, kati ya Molo, Nakuru na Nyahururu, mtoto staa mara nyingi haigizi. Anakimbia. Na kama unataka kuelewa umaarufu unaweza kumfanyia nini mtu kabla hajaota ndevu, panda matatu ya Nyahururu, pitia Subukia, kwea ule mlima hadi masikio yazibe.

Samuel Kamau Wanjiru alizaliwa Novemba 1986 na kulelewa Nyahururu na mama peke yake. Jina la Wanjiru ambalo ulimwengu unalijua ni la huyo mama. Nyumbani hapakuwa na kitu. Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, alipata nafasi ya kwenda kusoma na kukimbia Japani, katika shule ya sekondari ya Sendai Ikuei.

Hebu simama hapo kidogo. Ukiwa na miaka 15 wewe ulikuwa fomu one au two, umenuna kwa sababu mathe amechelewa siku ya wazazi. Huyu alikuwa katika nchi ambayo hawezi hata kusoma bango la mlangoni, baridi inamchoma, anajifunza Kijapani kuanzia sifuri. Na alikuwa pale kwa sababu moja tu, miguu yake. Miguu ikikataa, hakuna sababu nyingine ya kumweka.

Miguu haikukataa. Septemba 2005, kabla hajatimiza miaka 19, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathoni kule Rotterdam kwa dakika 59 na sekunde 16. Agosti 2008 akaenda Beijing na kukimbia marathoni kwenye joto ambalo wengine waliliogopa. Alikimbia kama mtu anayefukuza matatu ya mwisho, tangu mwanzo hadi mwisho, na akamaliza kwa saa 2:06:32, rekodi ya Olimpiki ya wakati huo. Alikuwa na miaka 21, na hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki kabla yake. Mwaka uliofuata akashinda London na Chicago. Kisha Chicago tena 2010. Mara mbili alitwaa taji la jumla la mbio kubwa za marathoni duniani, na kila taji lilikuwa na dola 500,000.

Mwishoni mwa 2010 magazeti yaliacha kuandika kuhusu mbio zake yakaanza kuandika kuhusu ndoa yenye vurugu, pombe na kesi kortini. Usiku wa Mei 15, 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake pale Nyahururu, akafariki. Jinsi alivyoanguka ilibishaniwa kwa miaka mingi. Alikuwa na miaka 24.

Sitamfanyia marehemu uchunguzi wa akili akiwa kaburini, na ukisikia mtu akikuambia anajua kilichomuua ni umaarufu, mwache aendelee na stori zake. Ninachotaka utazame ni hesabu. Kati ya miaka 15 na 24 alikuwa mwanafunzi ugenini, mwajiriwa, mshika rekodi, bingwa wa Olimpiki, mume, baba, tajiri wa mji mdogo na tegemeo la ukoo mzima. Miaka tisa. Watu wengi hupanda ngazi hizo kwa miaka thelathini, na wengine hawafiki nusu.

Sasa ingia ndani ya nyumba ya mtoto kama huyo, si lazima iwe ya Wanjiru. Mtoto ana miaka 16 na ndiye aliyejenga nyumba. Nani atamwambia "zima simu ulale"? Baba atamkemea vipi mtu aliyemnunulia ng'ombe? Wanasaikolojia wameandika sana kuhusu mtoto anayegeuzwa mzazi nyumbani mwake. Kwa nje anaonekana amekomaa, anaheshimiwa, wajomba wanampa mkono kwa mikono miwili. Kwa ndani amepoteza watu pekee waliokuwa na ruhusa ya kumwambia hapana. Marafiki nao ni walewale. Anacheka, wanacheka. Ananunua, wanakunywa. Na kwa sababu sifa zote alizowahi kupata zilikuja baada ya kushinda, kichwa chake kinapiga hesabu rahisi na ya kikatili: nikishinda napendwa, nikishindwa mimi si mtu.

Hesabu hiyo ndiyo ugonjwa, kwa maoni yangu. Pombe, kamari, hasira, kutolala, kuogopa kutoka nje siku ulizofanya vibaya, hayo mara nyingi ni moshi tu.

Kabla hujaanza kumvua mdogo wako viatu vya mbio, nikupeleke upande wa pili wa kaunti. Faith Kipyegon ni wa Keringet, kule Kuresoi kwenye viazi na majani chai. Machi 2010, akiwa na miaka 16, alikimbia mbio za nyika za dunia za chipukizi kule Bydgoszcz, Poland, miguu mitupu, akamaliza wa nne. Mwaka mmoja baadaye, Punta Umbría nchini Uhispania, bado miguu mitupu, akashinda dhahabu. Alikuwa mtoto maarufu kwa kila kipimo. Hata hivyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ilikuja 2016. Mwaka 2018 akajifungua binti, akarudi, akashinda tena Tokyo, akashinda tena Paris 2024. Hakuna mwingine aliyewahi kushinda mita 1,500 za Olimpiki mara tatu mfululizo.

Sisemi siri yake ni moja. Lakini anafanya mazoezi chini ya Patrick Sang kule Kaptagat, katika kambi ambayo Eliud Kipchoge, pamoja na mali na medali zake zote, anajulikana kwa kushika zamu ya kuosha choo. Watu husimulia habari ya choo kama kichekesho au kama somo la unyenyekevu. Mimi naiona kama dawa. Kuna mahali duniani ambapo mtu mwenye dhahabu anaulizwa, "Leo si zamu yako?" Ni mahali ambapo wewe ni mtu wa kawaida, na mtoto maarufu huwa wa kwanza kupoteza mahali kama hapo.

Nina sababu ya kushikilia jambo hili. Nikiwa darasa la saba nilighani shairi kwenye tamasha za muziki za shule. Tulipita kaunti, tukapita mkoa, tukafika kitaifa, na nikarudi na cheti ambacho mathe alikitia kwenye fremu kabla hata sijavua sare. Usicheke. Kwa mtoto wa mtaani hiyo ilikuwa Olimpiki. Mwalimu mkuu alinisimamisha paredi ya Jumatatu. Niliitwa kughani kwenye harusi, kwenye mazishi, kwenye chama cha mathe, mbele ya MCA. Nilikuwa napewa soda na kuitwa "Malenga", na sikuwa naosha vyombo.

Kisha nikaingia fomu one na sauti ikavunjika. Nilisimama mbele ya ukumbi, nikafungua mdomo, kikatoka kitu kama breki za lori la Mai Mahiu. Watu walicheka dakika mbili wakasahau. Mimi sikusahau. Kwa miaka mingi baadaye, kila nilipokuwa mtu wa kawaida mahali fulani, nilihisi kama nimefukuzwa. Nilipoacha koleji mwaka wa pili, sababu niliyowapa watu ni karo. Karo ilikuwa shida, sidanganyi. Lakini nilikuwa pia nimechoka kuwa nambari 43 darasani huku jirani yetu pale Kaptembwa akiniuliza kila likizo, "Si wewe ndiye ulikuwa unaghani?" Ulikuwa. Hilo neno.

Yangu ilikuwa sifa ya soda moja. Sasa wewe zidisha mara milioni, tia pesa, tia mameneja, tia watu wanaokutusi mtandaoni ukiwa na miaka kumi na mbili.

Tiba basi. Najua ukisema "naenda kumwona mwanasaikolojia" mtaani utaulizwa kama umeshafika Mathari. Lakini chumba chenyewe ni cha kawaida sana. Viti viwili, boksi la tishu, saa ukutani. Mtu anakuuliza swali kisha, jambo la ajabu, anakungoja umalize kujibu.

Njia moja inayotumika sana ni ile ya kushika wazo na kulihoji kama polisi anavyomhoji mshukiwa. Wazo ni "bila medali mimi si kitu." Umelipata wapi? Nani alisema? Yule mdogo wako aliyekungoja steji wiki jana, alikuwa anangoja medali? Unaandika, unaleta ushahidi wa pande zote mbili, unajaribu jambo dogo wiki hiyo. Kwa mfano unaenda kukimbia na marafiki bila saa mkononi, unaona kama dunia itaanguka. Kwa mtoto mdogo, yule wa vidio ya TikTok, hakuna mahojiano. Mshauri mzuri anamwekea karatasi, rangi na wanasesere. Mtoto wa miaka saba hatakuambia "nimechoka kuwa kichekesho cha nchi", lakini atachora simu kubwa kuliko nyumba.

Njia nyingine, na hii ndiyo wazazi huikimbia, ni kuileta familia nzima chumbani. Huwezi kumtibu mtoto saa moja kwa wiki kisha umrudishe kwenye nyumba ambamo yeye ndiye ATM. Baba anakaa pale. Mama anakaa pale. Yule mjomba aliyejiteua meneja anakaa pale. Maswali yanayoulizwa si ya saikolojia kubwa: nani ana neno la siri la akaunti? Mtoto akisema hataki kurekodi wiki hii, nini hutokea? Mara ya mwisho kumkumbatia bila kamera ilikuwa lini? Nimeambiwa na mshauri mmoja kwamba wanaume wazima hulia kwenye swali hilo la mwisho.

Kisha kuna maombolezo. Umaarufu ukiisha ni msiba, lakini ni msiba usio na matanga. Hakuna anayekuja na sukari na majani kukupa pole kwa sababu watu wameacha kukutambua. Ukilalamika unaonekana una kiburi. Kwa hiyo mtu analia ndani kwa ndani, na kwa wengine kilio hicho huwa kwenye chupa au kwenye mkeka wa kubeti. Kama umefika hapo, ni lazima uraibu utibiwe pamoja na kilichouleta. Ukitibu kimoja, kingine kinakingoja nyumbani.

Na kuna kukaa na wenzako. Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika akiwa na miaka 19, mwaka 2015. Oktoba 2021 aliuawa nyumbani kwake Iten. Wanariadha wenzake, akiwemo Violah Lagat, Joan Chelimo na Mary Keitany, walianzisha Tirop's Angels kupambana na ukatili dhidi ya wanawake na wasichana, kwenye mchezo na nje yake. Msichana wa miaka 17 aliyeanza kushinda mbio za barabarani, na ambaye tayari ana "kocha" anayetaka kumwoa na kushika akaunti yake, atamwambia mkimbiaji mwenzake mambo ambayo hatamwambia mwanasaikolojia aliyevaa tai. Kama wanakuja wanaume kukusaidia kubeba pesa zako kabla hujapata kitambulisho, zungumza na mtu.

Ukitaka kuona hata wakubwa wanafanya hivi, mtazame Simone Biles. Alianza sarakasi akiwa mtoto mdogo. Tokyo, mwaka 2021, alijiondoa katikati ya fainali ya timu kwa sababu akili na mwili vilikuwa vimeacha kusikizana hewani, na watu wakamwita mwoga. Paris 2024 alirudi akashinda dhahabu tatu, na aliwaambia wanahabari kwamba siku ya fainali ya timu aliianza kwa mazungumzo na mshauri wake. Asubuhi hiyohiyo! Sisi tungekuwa tunampigia maombi kwa laudspika.

Pesa nazo ni sehemu ya tiba, hata kama hakuna daktari anayeziandika kwenye cheti. Jackie Coogan alikuwa mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin kwenye filamu ya The Kid mwaka 1921. Alitengeneza mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima alikuta mamake na babake wa kambo wametumia karibu zote, akawashtaki mwaka 1938 na kuambulia dola 126,000 hivi. Watu walikasirika hadi jimbo la California likapitisha sheria mwaka 1939, na leo asilimia 15 ya mapato ya mtoto msanii kule huwekwa kando hadi afikishe miaka 18. Hebu fikiria hilo kwa kila mtoto wa TikTok kutoka Free Area hadi Naivasha, na kila chipukizi anayesaini na wakala. Huhitaji kungoja Bunge. Kama ni mdogo wako, fungua akaunti kwa jina lake wiki hii, na simu ya mjomba isiijue.

Gharama? Mshauri wa kibinafsi anaweza kukugharimu maelfu kwa saa moja, na najua hali. Lakini 116 ni laini ya Childline Kenya, haina malipo, saa 24, na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Laini ya ushauri ya Kenya Red Cross ni 1199, nayo ni ya bure. Ukilipa, uliza kama mshauri amesajiliwa. Kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na mtu wa kweli hataudhika kuulizwa. Ukiona "mshauri" anataka kupiga picha na mtoto wako ili aweke kwenye ukurasa wake, chukua begi mwondoke.

Mimi nilianzia kwenye kikundi cha vijana, Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa moja mtaani, viti vya plastiki, bure. Mshauri alikuwa mama wa makamo tuliyemwita Madam. Nilimsimulia habari ya shairi, paredi, sauti, zote. Nilisimulia vizuri pia, na watu walicheka mahali pa kucheka. Alingoja nimalize.

"Umeghani vizuri," akasema. "Sasa, kabla ya hiyo shairi, ukiwa darasa la nne hivi, ulikuwa unapenda kufanya nini?"

Nilikaa kimya hadi jamaa aliyekuwa karibu nami akaanza kukohoa. Kisha nikakumbuka. Nilikuwa nachora matatu. Nyuma ya vitabu vya hesabu, kwenye maboksi, kwenye ukuta wa jikoni hadi nikachapwa. Matatu za Nakuru na michoro yake yote, ubavuni hadi kwenye vioo. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi kwa hilo.

"Zilikuwa nzuri?" Madam akauliza.

"Zilikuwa mbaya sana," nikamwambia.

Akanipa karatasi na kalamu, akamgeukia aliyefuata.